Anayesoma ni Nani?

Vitabu vya fiqhi vina tabia ya kuuliza maswali ambayo mtu mwenye haraka huyaona ya mchezo. Katika mlango wa sajda ya tilawa, baada ya kuzitaja zile aya 14 ambazo sisi Mashafi tunazisujudia, wanazuoni hugeuka wakauliza: kasuku aliyefundishwa akisoma aya ya sajda, anayemsikia atasujudu? Na aliyelala akiisoma usingizini? Na mlevi? Jibu ni hapana kwa wote. Mahanafi, ambao kwao sajda hiyo ni wajibu na si sunna kama kwetu, waliongeza swali la mwangwi. Umesimama bondeni, msomaji yuko ng'ambo ya jabali, na kinachokufikia si sauti yake bali ile iliyogonga mawe ikarudi. Hapo pia wakasema hakuna sajda.

Chuoni tulikuwa tukicheka. Nani pale mtaani Kibokoni, Mombasa, alikuwa na kasuku wa kusoma Qur'ani? Maalim alituacha tucheke kisha akaendelea na somo, kwa sababu alijua tusilolijua: kwamba kasuku ameshaingia kila nyumba ya mtaa ule, amewekwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono.

Mashine iliposema kwa mara ya kwanza, wanazuoni hawakuanzia patupu. Mwaka 1899 huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, Sayyid Uthman bin Yahya, mtu wa ukoo wa Hadhramaut kama masharifu wetu wa Lamu, aliandika risala kuhusu fonografu, na mwaka uliofuata Mholanzi Snouck Hurgronje akachapisha makala juu ya mjadala huo. Cairo, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, ambaye baadaye alikuwa mufti wa Misri, naye aliandika yake. Hawakukubaliana katika yote, hasa kama inafaa kabisa kuliingiza neno la Mungu katika chombo cha starehe. Ila kuhusu sajda, kasuku na mwangwi walikuwa wanangoja vitabuni tangu karne nyingi, na wengi waliofuata waliiegemeza mashine kwa hao wawili. Kufika 1961 Misri ilitoa msahafu mzima kwa sauti, ukisomwa na Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na swali la kuruhusu au kutoruhusu likawa limekwisha kwa watu wengi. La sajda halikufunguliwa tena. Chombo si msomaji, basi.

Jibu hilo nalikubali. Linalonikosesha usingizi ni jozi ya spika.

Nimesomesha fizikia miaka mingi, kwa hiyo nivumilieni nianze na chombo kabla ya roho. Spika ya kawaida ya nyumbani ina vinywa viwili: wufa chini kwa sauti nene, twita juu kwa sauti nyembamba. Sikio la mtu halikuumbwa kwa ajili ya hali hiyo. Kifua cha msomaji kinatoka hapa, na ile sini yake, ile shini, ile kha ya kooni, inatoka shubiri moja juu yake. Katikati, pale wufa anapoachia na twita anapopokea, kuna masafa ambayo wote wawili wanayasema pamoja, kama watu wawili waliobeba mtungi mmoja mlangoni. Tuseme ni hertz 1000. Kwa joto la Mombasa, wimbi la hertz 1000 lina urefu wa sentimita 35 hivi. Ukikaa mahali ambapo njia ya kutoka kwa wufa imezidi njia ya kutoka kwa twita kwa nusu ya urefu huo, sentimita 17 na ushei, mawimbi mawili yanakutana yakifutana. Inua kichwa, sauti inabadilika. Shuka kutoka kwenye kiti ukakae mkekani, imebadilika tena. Wazungu waliozibuni walikaa kwenye makochi, wote kimo kimoja. Kwetu nusu ya watu wako chini, mmoja amelala ubavu, na mtoto anazunguka.

Sasa kuna ukoo mwingine wa spika, wa zamani, ambao kinywa chake ni kimoja. Marekani kulikuwa na Altec 604, ya miaka ya 1940, iliyotawala studio nyingi za huko: tarumbeta ndogo yenye vyumba imesimamishwa katikati ya koni ya inchi 15. London, kampuni ya Tannoy, iliyoanzishwa na Guy Fountain mwaka 1926, ilitoa yake mwaka 1947 kwa kazi ya mhandisi Ronnie Rackham, nayo ilikwenda mbele zaidi. Twita yake haisimami mbele ya koni. Imejificha nyuma kabisa, mgongoni mwa sumaku. Sauti nyembamba inapita kwenye tundu lililotobolewa katikati ya sumaku hiyo, inatokea kwenye koo la wufa, na koni yenyewe ya karatasi, ile inayopiga sauti nene, ndiyo inayokuwa mdomo wa tarumbeta. Chembamba na kinene vinatoka kwenye mhimili mmoja. Studio za Decca zilizitumia kupima santuri zao, na Wajapani hadi leo wanazinunua kwa bei ya kumtia mtu wazimu.

Zangu ni za inchi 12, aina ya Monitor Gold, ambayo ilianza kutengenezwa 1967. Marehemu ami yangu, fundi wa redio, alizinunua mnadani, vyombo vya Mzungu mmoja wa Nyali aliyekuwa anarudi kwao. Mfuniko wa sumaku una rangi ya dhahabu iliyokwajuka. Kisanduku cha kugawa masafa kina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha kuongeza nguvu ya sauti nyembamba na kingine cha kuikata juu. Ami alizibadilisha kapasita zote, kwa sababu chumvi ya bahari yetu haina huruma, lakini koni hakuzigusa. Ukingo wake ni mgumu, wa mikunjo, si sifongo. Zile zilizotoka kuanzia 1974 zilikuwa na ukingo wa sifongo, na sifongo huoza ikawa unga. "Hii itakuzika wewe," aliniambia ami. Alizikwa yeye, nami nikarithi.

Nisizisifu kupita kiasi. Ngoma ya chini kabisa hazina. Chapuo utalisikia, lakini ule mshindo unaotikisa tumbo hautaupata. Juu kabisa, pale matoazi yanapometameta, ni kama pamefunikwa shashi. Niliwahi kuzipima kwa maikrofoni na programu ya simu, na mstari uliotoka ungemfanya mwanafunzi wangu afute aanze upya: unapanda hapa, unazama pale, na katikati, mahali pa sauti ya binadamu, una nundu. Tarumbeta za bendi zinapita kwenye nundu hiyo zikiwa na makali ya kukwaruza. Na hata ule umoja wake una kasoro, kwa kuwa twita iko nyuma ya sumaku na sauti yake inachelewa kidogo njiani; tena inapita katika tarumbeta ambayo kuta zake zenyewe zinatikiswa na sauti nene. Spika ya kisasa ya bei ya kati ingezishinda kwa kila kipimo ninachokifahamu.

Lakini weka mtu aseme. Msomaji wa habari, mhadhiri, Siti binti Saad katika zile sahani alizorekodi Bombay mwaka 1928, zenye mikwaruzo yote ile. Sahani hizo ni za mono, nami huzisikiliza kwa spika moja tu, nyingine nimeizima. Hapo hakuna ujanja wa kushoto na kulia. Kuna mwanamke amesimama karibu na ukuta wa sebule, kifua na koo na meno yake mahali pamoja, na ukiinuka kwenda kutazama chungu jikoni ukarudi, bado yuko palepale, hajabadilika sauti. Tena si lazima kupaza. Spika nyingi zinataka zisukumwe ndipo ziamke. Hizi zinasema usiku kwa kiwango ambacho aliyelala chumba cha pili haamki.

Jirani yangu mmoja alipiga hodi siku moja habari za redio zikisomwa kupitia spika hizi. Nilimjibu karibu, lakini hakuingia. Nikatoka nikamkuta anajitanda vizuri ushungi wake.

"Mna mgeni wa kiume?" aliniuliza, sauti ya chini.

"Ni redio, bi mkubwa."

"Redio gani hiyo?" Aliingia akaitazama, na bado hakuulegeza ushungi mpaka nilipoizima.

Mtu mwingine angecheka. Mimi mwanamke yule alinitia mawazoni, kwa sababu alifanya uamuzi wa kisheria. Sikio lake lilitoa ushahidi kwamba mwanamume yupo, na kwa ushahidi huo akatenda. Akaonyeshwa kwa macho kwamba hayupo, na mwili wake ukakataa kuukubali ushahidi wa pili kwa haraka ileile. Redio ya mkononi haikuwahi kumfanyia hivyo, wala spika za televisheni. Sasa niambieni: mimi ninayesikia Surat Maryam kutoka kwenye kinywa kilekile, ninaposimamishiwa Sheikh Abdul Basit mbele ya ukuta, ninasikia pumzi anayoivuta kabla ya kuipanda aya kwa ile pumzi isiyokwisha, na hadhara ya Kimisri nyuma yake inalipuka kwa takbiri, kisha akafika aya ya 58 ambayo ni ya sajda, nikae tu?

Sheikh Abdul Basit alizaliwa 1927 huko Misri ya juu, akaanza kusoma redioni Cairo 1951, akafariki 1988. Ninajua. Jirani yangu naye alijua kwamba mimi sina mgeni wa kiume.

Nilianza kulichunguza jambo kwa upande wa kile kinachonifikia. Ibn Sina ana risala ndogo kuhusu jinsi herufi zinavyotokea, na ndani yake anasema sababu ya karibu ya sauti ni wimbi la hewa, wimbi la ghafla na la nguvu. Ni karibu na ninayoyaandika ubaoni kila muhula. Kama sauti ni wimbi la hewa, basi wimbi lililotoka kooni mwa sheikh lilikufa Misri, ndani ya ukumbi ule, sekunde chache baada ya kuzaliwa. La sebuleni kwangu ni wimbi jingine. Limetengenezwa na karatasi na sumaku na umeme wa Kenya. Linafanana nalo, hata nikisema linafanana sana, lakini si lenyewe. Kwa hesabu hii Mahanafi wamefaulu: mwangwi.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini inakula zaidi ya inavyotakiwa. Kwani hata msomaji aliyekaa mbele yangu kwa magoti yake, wimbi linalofika sikioni mwangu nusu yake limegonga ukuta na dari kwanza. Kila anayesikiliza ndani ya chumba anasikiliza mwangwi kwa kiasi fulani. Na msikiti wenye kuba je? Hakuna aliyewahi kusema kwamba safu ya nyuma isisujudu kwa sababu kuba limemrudishia imamu sauti yake.

Halafu kuna mlango mzito zaidi, ambao watu waliuawa na kupigwa mijeledi kwa ajili yake. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alianza kuwahoji wanazuoni Baghdad kama Qur'ani imeumbwa, na Imam Ahmad bin Hanbal akafungwa kwa kukataa kusema ndiyo. Dhoruba ilipopita likabaki swali jembamba: tukikubali kwamba neno la Mungu halikuumbwa, je, kulitamka kwangu mimi, ulimi wangu na pumzi yangu, nako hakukuumbwa? Imam Bukhari, ambaye hakuna anayemshuku, alitiwa kwenye fitina Nishapur kwa swali hilihili, hata akauhama mji. Sisi watu wa Ash'ari tumefundishwa kutofautisha: maneno ya Mungu ni sifa yake ya milele, haina herufi wala sauti, herufi na sauti tunazozisoma zinatuelekeza huko. Ndugu zetu Maibadhi wa Oman wana kauli nyingine, na mtetezi wake mashuhuri katika zama zetu, Sheikh Ahmad bin Hamad al-Khalili, mufti wa Oman, ni mzaliwa wa Unguja.

Nayataja haya kwa sababu watu wa karne ile, bila ya kuwa na waya wala sumaku, walikuwa wameshaona kwamba kisomo kina tabaka. Kuna kinachosomwa. Kuna kusoma. Kuna msomaji. Ukiyachanganya matatu haya unaingia mashakani, na spika nzuri kazi yake yote ni kuyachanganya. Redio mbovu inakusaidia: ukisikia mkwaruzo na bati unajua hiki ni chombo, na kinachosomwa kiko mbali. Spika yangu inakifuta chombo. Inaniletea kinachosomwa, inaniletea kusoma, na inaapa mbele ya masikio yangu kwamba msomaji naye kaja. Hicho kiapo cha tatu ndicho cha uongo.

Kuna wapenzi wa spika hizi wanaopenda kusema kwamba kwa kuwa zina chanzo kimoja, ndani yake mna siri ya tauhidi. Nimeambiwa hivyo na mtu mzima mwenye kanzu. Mimi naona ni ukosefu wa adabu, na ni fizikia mbovu pia. Twita na wufa ni viwili, vimekaa nyumba moja tu.

Nilimpelekea swali Maalim, mzee anayesomesha fiqhi baada ya alasiri, na nilikwenda nimejiandaa kubishana.

"Hana nia," alisema. "Kasuku hana nia, aliyelala hana nia, na sanduku lako halina nia. Kisomo kinachostahiki sajda ni kile kilichokusudiwa."

"Lakini Sheikh Abdul Basit alikusudia, Maalim. Siku ile alikusudia. Santuri imehifadhi alichokikusudia."

"Imehifadhi sauti."

"Wasia unahifadhi nia ya maiti, na tunaufuata. Mtu akiandika talaka kwa barua na amenuia, inapita, hata akiwa yuko Maskati. Nia inasafiri."

Alicheka, akanimiminia kahawa. "Mwanangu, barua ile ilikwenda alikotaka iende. Aliandika ili ifike. Kusoma Qur'ani ni ibada ya yule anayesoma. Aliianza na a'udhu akaimaliza, malaika wakaandika, ikafungwa. Ibada haina posta."

"Na hija ya badali?"

"Hiyo anaifanya mtu mwenye pumzi."

Nilijua ameshanishinda kabla sijamaliza kahawa. Lakini nilikuwa bado na jambo moja, na sikumwambia kwa sababu lilikuwa la aibu kidogo. Moyoni nilitaka ubora wa spika uhesabike. Nilitaka kuwe na kiwango, hata kama hakuna aliyekifikia, ambacho chombo kikikivuka kinaacha kuwa kasuku. Nimeishi maisha yangu nikiamini vipimo, na nilikuwa na kitu sebuleni ambacho kwa kipimo cha kuwepo kwa mtu kinakaribia kumi juu ya kumi.

Jibu nililipata kwa njia ya vipaza sauti vya msikiti.

Vya mtaani kwetu ni honi za bati, nne, zimefungwa mnarani zikitazama pande nne. Vitu hivyo, kwa sikio la mtu wa spika, ni adhabu. Chini ya hertz mia tatu au nne havina kitu. Vinakata kifua chote cha muadhini, vinamwachia pua na meno. Vikifunguliwa kupita kiasi, hayya inatoka imechanika. Juu ya hayo honi ya mashariki inachelewa ikifika kwangu, kwa hiyo kila neno nalisikia likifuatwa na kivuli chake. Ajabu ni kwamba kampuni ileile ya Tannoy ilijulikana Uingereza kwa vipaza sauti vya matangazo, vya kambi na viwanda na stesheni, kabla ya kujulikana kwa hizi za nyumbani. Mlolongo mmoja wa kazi ulizaa vyote viwili.

Na muadhini wetu ni mzee, sauti yake imeshachoka. Lakini yupo. Anapanda ngazi, anakohoa kwenye maikrofoni, anainua mkono sikioni. Ninapomsikia kupitia zile bati zilizopasuka, sunna ya kumjibu inanishika. Naacha chaki au kisu cha kukatia vitunguu, namjibu neno kwa neno. Sasa nikiweka santuri ya adhana ya Makka kwenye Monitor Gold, kwa sauti ya kukufanya ulie, hakuna anayewajibika kwa lolote; na msikiti ukiamua kucheza kanda badala ya kumpandisha mzee ngazi, wanazuoni watakwambia adhana haijaadhiniwa. Pale kwenye honi kuna uharibifu mkubwa wa sauti na hakuna uongo wowote. Sebuleni kwangu hakuna uharibifu wa kutajika, na uongo upo.

Kwa hiyo sheria haisikilizi ninavyosikiliza mimi. Mimi nauliza sauti imefika salama kiasi gani. Yenyewe inauliza ni nani aliyejifunga kwa sauti hiyo, sasa hivi, mbele ya Mola wake. Hayo mawili hayako kwenye mstari mmoja, na hakuna kiasi cha uboreshaji wa koni, sumaku wala kapasita kitakachokutoa upande huu kukufikisha upande ule. Nilipolielewa hilo nilipumua, na nikaanza kuzifurahia zile spika kwa namna ambayo kabla yake sikuweza. Nilikuwa nazidai kitu kisicho chake. Nundu yao ya katikati, ule uchangamfu wa koo, naweza sasa kuupenda kama ninavyoupenda mwandiko mzuri wa msahafu, bila kumtafuta mwandishi nyuma ya ukurasa.

Bado mwili una mambo yake. Sheikh akiifikia aya ya 58 magoti yangu yanajua. Wala siwezi kusujudu tu kwa ihtiyati, nikasema kama si wajibu basi ni ziada, kwa kuwa Mashafi wanakataza sajda isiyo na sababu. Mtu hajiangushii uso chini kila apendapo akaita ibada. Nifanyacho ni hiki. Nainua sindano ya santuri. Nina udhu, nimeshajitanda. Naisoma aya hiyo mwenyewe, kwa sauti yangu ya mwalimu iliyoharibiwa na vumbi la chaki na madarasa ya wanafunzi hamsini, bila mahadhi, pengine nikikatika pumzi mahali ambapo Abdul Basit angeweza kusoma mistari mitatu zaidi. Sababu imepatikana. Nasujudu. Mume wangu, ambaye kwake spika hizi ni makabati mawili yanayokula nafasi ya kochi, anasema hajapata kuona mtu akimkatiza sheikh ili asome vibaya zaidi.

Limebaki la matangazo ya moja kwa moja, na hili Maalim na mimi hatujalimaliza. Ramadhani tunaunganisha tarawehe ya Makka kwenye amplifaya. Imamu yuko hai, amenuia, anasoma usiku huu huu. Si kasuku, na Maalim anakubali kwamba si santuri. Anaelekea kusema anayesikiliza asujudu. Nikamwambia, Maalim, ishara ile inapanda kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ardhi na kuteremka, hiyo tu ni robo sekunde. Kisha mitambo inaifunga na kuifungua, na ikipita kwenye intaneti inaweza kuchelewa nusu dakika. Aya inapotoka kwenye spika yangu, imamu ameshasujudu na kuinuka, ameanza aya nyingine. Nusu dakika ni sawa? Kumi je? Mwaka? Maana santuri nayo ni kuchelewa tu.

"Na mtu aliyekaa safu ya nyuma?" alinigeuzia. "Sauti haimchelewi?"

Inamchelewa. Kwa mita thelathini ni karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Nilimwambia hivyo.

"Basi kuchelewa si hoja. Tafuta nyingine," alisema, na kwa kuwa alasiri ilikuwa inaadhiniwa, na honi ya mashariki ikimalizia neno ambalo ya magharibi ilishalisema, tukanyamaza ili tumjibu muadhini.